Tiba ya sindano kwa wagonjwa wa kiharusi: Msaidizi asigeuzwe mganga mkuu

KIHARUSI hakibishi hodi. Mtu hulala mzima, akaamka mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki na ulimi haumtii. Akinusurika, hurudishwa nyumbani akiwa na cheti cha dawa za shinikizo la damu na mwili uliopooza upande mmoja. Hapo ndipo ushauri wa ndugu, majirani na waumini wenzake unapoanza kumiminika. Mmoja anasema amerogwa, mwingine anataka aombewe, na wa tatu amesikia habari za kliniki ya Kichina ambako watu walioingia wakibebwa wametoka wakitembea baada ya kuchomwa sindano.

Ushauri huo wa tatu unastahili kutazamwa kwa makini kuliko mingine. Tiba ya sindano ya Kichina, ambayo wengi huiita akupancha, ina vyuo, ina wataalamu waliosomea, na imefanyiwa utafiti wa kitabibu kwa miongo kadhaa. Aidha, ina gharama, na gharama hiyo hulipwa na familia ambayo mara nyingi imekwishapoteza kipato cha mtu aliyekuwa akiitegemeza. Swali linaloikabili familia ya namna hiyo ni rahisi kulitamka lakini gumu kulijibu: je, sindano hizo zinasaidia kweli, na kama zinasaidia, zinasaidia nini?

Ukubwa wa tatizo lenyewe hauna ubishi. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2021 kulikuwa na visa vipya vya kiharusi vipatavyo milioni 11.9 duniani, na watu wapatao milioni 7.3 walifariki dunia kwa ugonjwa huo. Kwa muda mrefu ulidhaniwa kuwa ni ugonjwa wa nchi tajiri na wa wazee. Dhana hiyo ilitikiswa na utafiti uliofanyika nchini Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet Neurology. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, watafiti walikuta viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na 315.9 katika eneo walilolichunguza jijini Dar es Salaam. Maana yake ni kwamba mkazi wa jijini alikuwa katika hatari karibu mara tatu ya mwenzake wa kijijini.

Sababu zake zinajulikana. Utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao INTERSTROKE, ambao matokeo yake ya mwaka 2016 yalihusisha nchi 32, ulionyesha kwamba mambo kumi yanayoweza kuzuilika au kudhibitiwa yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi vyote. La kwanza kati ya hayo ni shinikizo la juu la damu, ugonjwa ambao wengi huishi nao bila kujua, au huujua na kuacha dawa mara tu wanapojisikia nafuu.

Ubongo unavyopona

Ili kupima madai ya tiba yoyote ya kiharusi, ni lazima kwanza kuelewa jinsi ubongo unavyojirudi wenyewe. Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na donge la damu au unapopasuka. Chembe za ubongo zilizokosa damu kabisa hufa na hazirudi. Lakini pembezoni mwa eneo lililokufa huwapo chembe zilizozimia tu, ambazo zikipata damu kwa wakati huamka. Katika wiki zinazofuata uvimbe hupungua, na sehemu nzima za ubongo huanza kujifunza kazi za zile zilizoharibika.

Sehemu kubwa ya nafuu hii hutokea katika miezi mitatu ya kwanza, na huendelea kwa kasi ndogo zaidi hadi mwezi wa sita na hata baada ya hapo. Hutokea kwa viwango tofauti: mmoja hupata mguu lakini asipate mkono, mwingine hupata usemi lakini abaki akichechemea. Kinachosaidia zaidi ni mazoezi yanayorudiwa mara nyingi, ya kusimama, kushika kikombe, kutamka maneno na kumeza, yakisimamiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo au wa usemi.

Jambo hili ndilo kiini cha mjadala wote. Mgonjwa aliyeanza kuchomwa sindano wiki ya tatu na akatembea wiki ya kumi atasimulia kwamba sindano ndizo zilizomsimamisha. Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia kwamba angetembea wiki hiyo hiyo bila sindano. Ushuhuda wake, hata uwe wa dhati kiasi gani, hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili. Kwa sababu hiyo watafiti huwagawa wagonjwa kwa kura katika makundi mawili, moja likapata tiba na jingine lisipate, kisha wakalinganisha.

Kutoka China hadi Mnazi Mmoja

Akupancha ni tiba kongwe. Kitabu cha Kichina kiitwacho Huangdi Neijing, chenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, kinaeleza habari za mfumo wa njia za mwilini zinazopitisha nguvu ya uhai iitwayo qi, na namna ya kuichochea nguvu hiyo kwa sindano. Hata hivyo, mbinu nyingi zinazotumika leo kwa wagonjwa wa kiharusi si za kale. Daktari Jiao Shunfa wa jimbo la Shanxi aliutangaza mwaka 1971 mtindo wa kuchoma sindano kwenye ngozi ya kichwa, akifuata ramani ya ubongo inayojulikana katika tiba ya kisasa. Mwaka uliofuata, Profesa Shi Xuemin wa mjini Tianjin alianzisha utaratibu mwingine, unaolenga kuuamsha ubongo, ambao umeenea katika hospitali za China.

Mwaka huo huo wa 1971, mwandishi wa gazeti la New York Times, James Reston, alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo mjini Beijing, kisha akaandika jinsi alivyochomwa sindano kumpunguzia maumivu baada ya upasuaji. Makala yake, iliyofuatiwa na ziara ya Rais Richard Nixon nchini China mwezi Februari 1972, iliwafungulia Wamarekani macho kuhusu tiba hiyo. Mwaka 2010 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Afrika Mashariki iliikaribisha mapema kuliko Marekani. Timu ya kwanza ya madaktari wa China iliwasili Zanzibar mwaka 1964, na Tanzania Bara ilianza kupokea timu zake mwaka 1968. Baadhi ya timu hizo zimekuwa na wataalamu wa sindano, na kwa wakazi wengi wa visiwani, Hospitali ya Mnazi Mmoja ndiko walikoiona tiba hiyo kwa mara ya kwanza. Kliniki binafsi za mijini zilifuata baadaye.

Utafiti unasema nini?

Kisa cha Sweden kinafundisha mengi. Mwaka 1993 watafiti wa mjini Lund, wakiongozwa na Barbro Johansson, walitangaza matokeo yaliyowasisimua wengi. Waliwachukua wagonjwa 78 waliopooza vibaya upande mmoja. Wote walipata mazoezi ya kawaida, lakini nusu yao walichomwa sindano mara mbili kwa wiki kwa muda wa wiki kumi. Waliochomwa walipata nafuu kubwa zaidi katika kusimama, kutembea na kujihudumia.

Watafiti hao hao hawakuridhika. Wale waliochomwa sindano walikuwa wamepata kitu kingine pia, yaani muda zaidi na mtaalamu, kuguswa, kutiwa moyo na kuaminishwa kwamba wanatibiwa. Kwa hiyo waliandaa jaribio kubwa zaidi la wagonjwa 150 katika hospitali saba. Safari hii kundi la kulinganishia nalo lilipewa vipindi vya namna hiyo hiyo, ila kwa umeme hafifu usioweza kuhisiwa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Stroke, hayakuonyesha faida yoyote ya sindano. Utafiti mwingine wa Sweden, uliofanyika Göteborg kwa wagonjwa 104 na kuchapishwa mwaka 1998, nao haukuona tofauti.

Mtandao wa kimataifa wa Cochrane, unaokusanya na kupima ubora wa tafiti za kitabibu, umelipitia suala hili zaidi ya mara moja. Mapitio yake ya mwaka 2016 yalijumuisha majaribio 31 yenye wagonjwa 2,257 waliokuwa wamevuka siku za mwanzo za ugonjwa. Yaliona dalili kwamba sindano huenda zikapunguza utegemezi na baadhi ya ulemavu, bila madhara makubwa ya wazi. Hata hivyo, majaribio mengi yalikuwa madogo na yenye kasoro, na kwa hiyo waandishi walisema ushahidi hautoshi kuipendekeza tiba hiyo itumike kwa kila mgonjwa. Mapitio ya mwaka 2018, yaliyohusu wagonjwa wa siku za mwanzo, yalikuwa na majaribio 33 na watu 3,946. Faida ilionekana pale sindano zilipolinganishwa na kutochomwa kabisa. Zilipolinganishwa na sindano bandia, faida hiyo ilitoweka.

Kuna jambo jingine la kuzingatia. Majaribio mengi ya tiba hii hufanyika China. Mwaka 1998 mtafiti Andrew Vickers na wenzake walichunguza matokeo kwa kufuata nchi, wakakuta kwamba karibu kila jaribio la akupancha lililotoka China, Japan, Hong Kong na Taiwan lilitoa jibu la kuisifu. Si lazima iwe ni udanganyifu. Huenda majaribio yaliyoshindwa hayakupelekwa kuchapishwa. Lakini mizani iliyowekewa uzito upande mmoja tu haiwezi kuaminiwa.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kuifungia tiba hii mlango. Utafiti ulioandaliwa vizuri zaidi ulitoka China yenyewe na kuchapishwa Januari 2024 katika jarida la JAMA Network Open. Ulihusu wagonjwa 252 wa hospitali tatu waliopoteza uwezo wa kutamka baada ya kiharusi. Wote walipata mafunzo ya usemi na tiba ya kawaida, lakini nusu yao walichomwa sindano za kweli na nusu nyingine sindano za bandia. Baada ya wiki sita, waliochomwa za kweli walikuwa wamepiga hatua zaidi katika lugha, na tofauti hiyo ilionekana hata miezi sita baada ya kuanza. Jaribio moja halitoshi kufunga mjadala, lakini linaonyesha kwamba swali bado li hai na linaweza kujibiwa kwa njia za kisayansi.

Mwongozo wa mwaka 2016 wa vyama vya moyo na kiharusi vya Marekani unaiakisi hali hiyo ya katikati. Unasema akupancha inaweza kufikiriwa kama nyongeza kwa mgonjwa anayeshindwa kumeza, lakini hauipendekezi kwa ajili ya kuboresha shughuli za kila siku na matumizi ya mkono.

Kuhusu namna sindano zinavyofanya kazi, hoja yenye nguvu zaidi ni ile ya maumivu. Tangu miaka ya 1970 majaribio yameonyesha kwamba kuchoma sindano kunaweza kuufanya mwili utoe kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Hilo si jambo dogo kwa mgonjwa ambaye bega la mkono uliopooza linamnyima usingizi na kumfanya akatae mazoezi. Kinyume chake, madai kwamba kila nukta ya ngozi ina waya wake kwenye ubongo hayajathibitika. Makala maarufu ya mwaka 1998, iliyodai kwamba kuchoma nukta ya kidole kidogo cha mguu huamsha sehemu ya ubongo inayohusika na kuona, iliondolewa mwaka 2006 baada ya utafiti zaidi kutounga mkono uhusiano huo.

Majeruhi wa ajali

Kwa walioumia kichwa, hali ya ushahidi ni dhaifu zaidi. Hawa ni wengi mijini, na wengi wao ni vijana walioanguka kwenye bodaboda. Mapitio ya Cochrane kuhusu majeraha ya ubongo yalipata majaribio manne tu yenye jumla ya watu 294, tena ya ubora wa chini, na hayakuweza kutoa hitimisho.

Hapa tahadhari ni kubwa kuliko kwa kiharusi. Majeruhi aliyefanyiwa upasuaji akaondolewa kipande cha fuvu hapaswi kuchomwa sindano mahali hapo, kwa kuwa chini ya ngozi hakuna mfupa wa kuulinda ubongo. Aliyebaki na degedege au kifafa baada ya ajali hapaswi kuunganishiwa sindano za umeme bila daktari wake kujua.

Hatari ipo wapi?

Sindano zenyewe, zikiwa mikononi mwa aliyesomea, hazina madhara makubwa mara kwa mara. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 katika jarida la BMJ uliangalia matibabu 34,407 nchini Uingereza na haukukuta hata tukio moja kubwa la madhara. Lakini hao walikuwa wataalamu waliosajiliwa, wanaotumia sindano safi. Sindano inayorudiwa kwa mgonjwa mwingine inaweza kubeba virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi. Ikichomwa vibaya kifuani inaweza kutoboa pafu. Mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama walivyo wengi waliopata kiharusi, anaweza kuvilia damu. Na mguu uliokufa ganzi hauhisi moto, hivyo unaweza kuunguzwa na majani yanayochomwa karibu na ngozi bila mwenyewe kushtuka.

Lakini hatari kubwa zaidi haitokani na ncha ya sindano, bali na kile kinachoachwa kwa sababu yake. Mgonjwa ambaye kiharusi chake kimetokana na mshipa kuziba anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha donge la damu ikiwa atafika katika hospitali yenye kipimo cha CT-Scan na dawa hiyo ndani ya saa nne na nusu. Saa hizo zikitumika kumzungusha kwa waganga au kliniki za sindano, hazirudi. Vivyo hivyo, aliyeaminishwa kwamba sindano "zimefungua mishipa" akatupa vidonge vya shinikizo la damu, anakaribisha kiharusi cha pili, na cha pili mara nyingi hukuta mwili usio na akiba.

Kuna pia suala la fedha. Familia yenye uwezo wa kulipia vipindi viwili tu vya tiba kwa wiki italazimika kuchagua. Ikiwa itachagua sindano na kuacha mazoezi ya viungo, itakuwa imebadilisha tiba yenye ushahidi wa kutosha kwa tiba yenye ushahidi wa kusuasua, tena katika ile miezi michache ambayo ubongo uko tayari zaidi kujifunza.

Wajibu wa mamlaka na wa familia

Tanzania si nchi isiyo na sheria katika jambo hili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kusimamia waganga na watoa tiba mbadala, pamoja na usajili wao. Sheria kuwapo ni jambo moja na mgonjwa kuijua ni jingine. Ipo haja kwa mamlaka kuwaeleza wananchi, kwa lugha nyepesi, namna ya kutambua mtoa huduma aliyesajiliwa, na kuwabana wanaotangaza kwamba wanaponya kiharusi kwa idadi maalumu ya siku.

Hospitali nazo zina sehemu yao ya lawama. Kliniki ya sindano humpa mgonjwa kitu ambacho wodi iliyofurika humnyima: nusu saa ya kusikilizwa, kuguswa na kutiwa moyo. Palipo na mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo kwa wagonjwa wengi, na mgonjwa akaruhusiwa kwenda nyumbani bila ndugu zake kufundishwa namna ya kumgeuza, kumkalisha na kumfanyisha mazoezi, si ajabu familia ikatafuta faraja kwingine. Kuwafundisha ndugu hao kabla hawajaondoka wodini hakuhitaji mashine ya gharama kubwa.

Kwa familia, busara ipo katika mpangilio wa mambo. Kwanza hospitali, na haraka. Pili dawa za shinikizo na sukari, zisizokatizwa. Tatu mazoezi, kila siku, hata nyumbani. Baada ya hayo kukaa sawa, anayetaka kuongeza sindano kwa ajili ya maumivu, usemi au kumeza hana sababu ya kuona haya, mradi daktari wake anajua, mtoa huduma amesajiliwa, sindano zinafunguliwa kwenye pakiti mbele ya mgonjwa, na kunawekwa muda wa kupima kama kuna mabadiliko. Mtoa huduma anayekataa masharti hayo, au anayemwambia mgonjwa aache vidonge, amekwisha kujitambulisha.

Wahenga walionya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa aliyepooza, mbachao ni kidonge cha kila asubuhi na zoezi la kila jioni. Sindano zinaweza kuja na kuondoka. Hivyo viwili ndivyo atakavyoishi navyo.